Joho la Mgombea

SWALI: Ndugu Mhariri, katika fomu ya mtihani iliyoandikwa kwa Kiingereza, mwanangu ametajwa kuwa "candidate", na neno hilohilo ndilo wanaloitwa wawaniaji wa ubunge. Sisi humwita mmoja mtahiniwa na mwingine mgombea. Je, asili ya neno hilo ni nini? – Mzazi, Morogoro

JIBU: Asili yake ni Kilatini, na mwanzoni halikuhusu kura wala mtihani, bali nguo. Warumi walitofautisha weupe wa kawaida, "albus", na weupe wa kumeremeta, "candidus". Mwanamume aliyewania cheo cha umma mjini Roma alijitanda toga, lile vazi refu la sufu la raia, ikiwa imesuguliwa chaki hadi ikang'aa, ili aonekane kwa mbali alipokuwa akizunguka kuwaomba watu kura. Ndipo akaitwa "candidatus", yaani aliyevikwa weupe. Si wote waliopendezwa na mapambo hayo, kwani mwanahistoria Livy anasimulia sheria ya mwaka 432 kabla ya Kristo iliyokusudiwa kuwazuia wawaniaji wasiongeze weupe katika mavazi yao. Haikufua dafu: mwaka 64 kabla ya Kristo Cicero, mwanasiasa na msemaji mashuhuri wa Roma, akiwania ukonsuli, yaani cheo cha juu cha uongozi wa Roma, aliwashambulia wapinzani wake kwa hotuba ambayo hadi leo inajulikana kwa jina la toga hiyohiyo nyeupe, na hongo ilikuwa miongoni mwa mambo aliyowashutumu kwayo.

Kiingereza kililichukua neno hilo mnamo karne ya 17 na kuliacha joho huko Roma. Baadaye maana ikapanuka, ikamhusu yeyote anayepimwa kama anastahili kupewa kitu, kiwe kiti cha ubunge au cheti cha shule, na humo ndimo alimoingia mwanao. Neno "candid", linalomwelezea msema kweli, ni ndugu yake, nasi hatulishangai kwa kuwa husema fulani ana moyo mweupe. Mgombea wetu hana weupe wowote. Shina lake ni kugomba, na kwa maoni yangu linaieleza shughuli yenyewe vizuri zaidi.

Hata hivyo, ukoo huo umetufikia kwa njia nyingine. Kitenzi "candere", kung'aa, kilizaa "candela", mshumaa. Neno hilo likaingia katika Kigiriki, likafika katika Kiarabu kama "qindil", na watu wa pwani wakalipokea likiwa kandili.