Saa 15 za ikonomi Nairobi–New York, utatoboa tu

Pole dada, hiyo hofu yako ya kukaa saa 15 kwenye ndege kwenda New York naielewa. Umesema ndo mara ya kwanza kupanda ndege na miguu huvimba hata kwa basi la Mombasa, basi kitu cha kwanza ni siti. Ile ndege ya Dreamliner (Boeing 787), siti za ikonomi, yaani daraja la kawaida, zimepangwa tatu tatu tatu kila mstari, chukua ya kwenye korido uweze kuinuka bila kuwaruka watu, ya dirishani ni tamu kwa picha lakini saa 15 ni nyingi sana kuomba samahani kila ukitaka choo. Mstari wa mwisho kabisa ukimbie, mara nyingi kiti hakilali vizuri na foleni ya choo iko kichwani kwako (niliwahi kukaa huko, sirudii).

Nunua soksi za kubana, vaa kabla ya kuondoka, na kila saa moja au mbili tembea kidogo, maana damu ikituama miguuni inaweza kuganda. Kama una presha, mimba au ulifanyiwa opresheni juzi juzi muone daktari kwanza. Maji kunywa sana, pombe achana nayo. Na beba sweta, juu kule baridi si mchezo!