Maswali ya Wasomaji: Kuirudisha Injini ya Mvuke Relini

Baada ya makala yetu kuhusu treni za matembezi zinazovutwa na injini za mvuke, barua nyingi zimetoka Tabora na Kigoma. Mafundi wetu wa boila, yaani tangi la chuma linalochemsha maji kuwa mvuke, wamechagua nne.

Swali (Ipuli, Tabora): Salaam mhariri. Kikundi chetu kina mafundi wanne wa kuchomelea na wawili wa mashine. Tumepewa ruhusa ya kukarabati kichwa kidogo cha mvuke kilichokaa juani miaka mingi kama pambo. Kutu tumeshasugua, rangi tumenunua. Mzee mmoja anatushauri tujaze maji, tuwashe moto kidogo, tuone panapovuja. Ni sawa?

Jibu: Mzee apewe shikamoo yake, lakini moto msiwashe. Maji ndani ya boila lenye presha ya baa 12 yana joto la nyuzi 190 hivi. Bati likiachia, karibu sehemu moja ya sita ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mpigo mmoja, na hakuna atakayebaki kusimulia palipovuja. Rangi nayo iwekeni stoo. Rangi ni hina ya bibi harusi, hupakwa mambo mengine yakiisha.

Kabla ya yote, simamisheni kusugua. Chini ya bati la nje, injini za zamani zilivikwa asbesto ili zitunze joto. Vumbi lake huua mapafu polepole, miaka mingi baadaye. Sampuli ipimwe maabara, na ikiwa ni asbesto, iondolewe na watu wenye vifaa na kibali cha kazi hiyo.

Boila likishavuliwa vazi hilo, fungueni plagi zote za kusafishia na mmulike ndani kwa tochi. Tope gumu hukaa chini kabisa, pembeni mwa tanuri (chumba cha moto), kati ya bati la ndani na la nje. Hapo ndipo kutu hula kimyakimya. Chukueni kipimo cha unene cha mawimbi ya sauti, chorea bati miraba ya sentimita 10, pimeni kila mraba na kuandika. Tumbo la boila kwa chini na maeneo yanayozunguka matundu ya plagi ndiyo huwa mabaya zaidi.

Zinazofuata ni stei, yale mamia ya vyuma vifupi vinavyofunga bati mbili za tanuri zisisukumane. Gongeni moja moja kwa nyundo ndogo, mwenzenu akishikilia uzito upande wa pili. Nzima hulia, iliyokatika hutoa sauti ya chungu chenye ufa. Nyingine zina kitundu katikati kilichotobolewa makusudi: stei ikikatika, kitundu hutoa jasho la maji. Mkikuta kitundu kimezibwa kwa rangi au kwa kuchomelewa, ishukuni stei hiyo.

Mabomba ya moto, yanayopitisha moshi wa moto katikati ya maji, ya injini iliyokaa hivyo msihangaike nayo, kateni yote na mweke mapya. Ncha zake hupanuliwa kwa chombo cha roli hadi zikaze kwenye tundu. Kosa la vijana wenye nguvu ni kukaza kupita kiasi: bomba huwa jembamba na tundu la bati hutanuka, na mwaka unaofuata panavuja tena.

Na sasa neno kwa wale wanne wa kuchomelea. Kishawishi chenu kitakuwa kujaza madini ya waya juu ya bati lililoliwa. Boila si geti la nyumba. Bati lililopungua chini ya unene unaotakiwa hukatwa likawekwa jingine, na anayechomelea awe na cheti cha vyombo vya presha. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, aitwe kabla hamjakata, akubaliane na mpango. Mkimwita kazi imeisha anaweza kuwaambia mbomoe.

Jaribio la kwanza ni la maji, bila moto: kawaida mara moja na nusu ya presha ya kazi, yaani baa 18 kwa boila la baa 12. Hewa itolewe yote kupitia tundu la juu kabisa. Maji hayabanwi, kwa hiyo mahali palipopasuka patadondosha tu. Hewa iliyobanwa ingelipuka. Shikilieni nusu saa au zaidi, mtazame kila mshono. Baada ya hapo ndipo moto, na moto wenyewe ni wa kubembeleza. Safari ikiwa Jumamosi saa tatu asubuhi, washeni moto mdogo Ijumaa asubuhi, bati zipate joto pamoja. Kuharakisha ndiko kunakolegeza mabomba mliyoyafunga kwa jasho.

Ruhusa ya kupita kwenye njia ni kazi nyingine, na hapo mtakutana na TRC, shirika la reli, na LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini.

Swali (Uvinza): Huku maji ya visima mengi yana chumvi. Nasikia injini ya mvuke "hutema maji". Ina maana gani, na tufanyeje?

Jibu: Mvuke huondoka, chumvi hubaki. Fanya hesabu: maji yenye miligramu 300 za chumvi kwa lita, lori la maji la lita 10,000, ni kilo 3 za chumvi. Boila likibeba lita 4,000, kila lori linaongeza miligramu 750 kwa lita. Malori manne umefika 3,000, na hapo anza kutarajia povu. Povu hubeba maji hadi kwenye silinda. Pistoni haiwezi kuyabana, hivyo hupasua kifuniko cha silinda au kupinda fimbo.

Dalili ni maji kucheza kwenye kioo cha kuonyesha kina cha maji ya boila na kupanda ghafla dereva akifungua mvuke, na dohani kurusha matone machafu. Funga mvuke taratibu, fungua koki za silinda maji yatoke, subiri kioo kionyeshe kina cha kweli. Injini yenye mabomba ya kupasha mvuke zaidi itaendelea kuvuta sekunde kadhaa hata ukishafunga, kwa hiyo breki iwe tayari.

Kinga ni kupima maji kwa kipima chumvi cha mkononi, kupuliza nje maji ya chini ya boila kila siku ya kazi, na kuvuna maji ya mvua mnapoweza. Lori lililobeba mafuta ya kula au lililooshwa kwa sabuni msilipokee kamwe. Sabuni kidogo tu huleta povu kuliko chumvi.

Swali (Gungu, Kigoma): Kuni za miombo zipo. Kwa nini tununue mafuta?

Jibu: Kilo ya mafuta mazito ina megajuli 40 hivi, kuni kavu 15. Kazi ya tani moja ya mafuta itataka zaidi kidogo ya tani mbili na nusu za kuni, zikatwe, zikaushwe, zipakiwe, na kibali cha TFS, wakala wa misitu, kiwepo. Halafu kuna cheche. Kuanzia Juni nyasi za miombo ni baruti. Bila wavu mzuri wa kuzuia cheche ndani ya kichwa cha dohani mtachoma shamba la mtu kabla ya kufika stesheni ya pili.

Injini nyingi za East African Railways, shirika la zamani la reli la Afrika Mashariki, zilichoma mafuta mazito, kama Nyaturu namba 3020 iliyopo makumbusho ya reli Nairobi, yenye jina la watu wa Singida. Tanuri la aina hiyo lina matofali ya moto badala ya wavu wa chuma wa kuwekea kuni, kwa hiyo kuhamia kuni ni kulijenga upya. Mkibaki na mafuta, wekeni kwanza kitambaa kinachowaka, fungueni hewa, ndipo mfungulie mafuta kidogo. Mafuta yakitangulia, moto hutoka mlangoni kumfuata mwashaji. Masizi yakiziba mabomba, mchochea moto hurusha koleo la mchanga mkavu injini ikiwa inavuta kwa nguvu, nayo huyakwangua.

Swali (Cheyo, Tabora): Injini ya mvuke ikishapona, itaweza kupita kwenye SGR, reli mpya ya kisasa?

Jibu: Hapana. Magurudumu yake ni ya njia yenye upana wa milimita 1,000 kati ya reli mbili, SGR ni 1,435. Na juu ya SGR kuna waya wa volti 25,000, mahali pabaya pa mtu kupanda juu ya tangi na mpira wa maji.