Bonanza la Ofisi: Hesabuni Miguso, Msihesabu Majina

Msomaji mmoja wa Tabata ametuandikia kwamba ofisini kwao wanaandaa bonanza, na kamati imeamua mpira wa wavu uchezwe mchanganyiko, wanawake watatu na wanaume watatu kila timu. Anauliza kama hapo usawa umepatikana. Bado. Dakika kumi za mwanzo zitawaonyesha: wanawake watatu wamesimama kama nguzo za ziada, mpira unapita juu ya vichwa vyao, wanaume watatu wanachezeana wenyewe. Picha ya kwenye grupu la WhatsApp itapendeza, lakini.

Anzeni na kimo cha wavu. Cha wanaume ni mita 2.43, cha wanawake ni mita 2.24. Kamati nyingi huuacha wavu walivyoukuta, yaani juu, na hapo wanawake wengi hawawezi kupiga mpira wa kushuka. Mkiushusha bila kanuni nyingine mmeharibu zaidi, maana jamaa wa stoo mwenye futi sita ataruka karibu na wavu na kumshindilia mpira kifuani dada wa uhasibu. Dawa ni kuweka mita 2.24, halafu mwanaume asiruhusiwe kushambulia mpira ulio juu ya wavu akiwa mbele ya mstari wa mita 3, yaani ule uliochorwa mita 3 kutoka kwenye wavu. Akitaka kupiga, arukie nyuma ya mstari. Pimeni katikati ya wavu, si kwenye nguzo, kwa sababu unaolegea hubonyea hapo katikati. Mkichezea mchangani, kama pale Coco Beach, nguzo huinama kadiri kamba zinavyokazwa, kwa hiyo pimeni tena baada ya seti ya kwanza. Mstari wa mita 3 mchangani hamtaukuta. Tandazeni kamba, mwifukie kidogo mtu asijikwae.

Kisha mpangilio. Mwanamke, mwanaume, mwanamke, mwanaume, kuzunguka nafasi zote sita. Kila mnapozunguka, mstari wa mbele unakuwa na wanawake wawili au mmoja, hautakosa kabisa. Atakayeingia badala ya mwanamke awe mwanamke.

Sasa kwenye ugomvi wenyewe: nani anaugusa mpira. Kanuni inayotumika sana kwenye wavu wa mchanganyiko ni kwamba timu ikiugusa mpira zaidi ya mara moja kabla ya kuuvusha, angalau mguso mmoja uwe wa mwanamke. Nzuri, ila wajanja huizunguka. Mwanamke anaachiwa kupokea tu, mguso wa kwanza, kisha wanaume wawili wanamalizana, na mwisho wa mechi mnaambiwa kanuni imefuatwa. Dawa yake ni seta, yule anayemwinulia mpigaji mpira. Seti ya kwanza seta awe mwanamke, ya pili mwanaume, na kama kuna ya tatu, mwanamke tena. Seta ndiye anayeamua mpira uende kwa nani, na mtu mwenye uamuzi hasimami kama nguzo.

Kuna na ule ugonjwa wa kaka mkubwa anayekatiza mbele ya mwenzake na kumnyang'anya mpira uliokuwa unamshukia mikononi, eti anamsaidia. Kwenye mazoezi lazimisheni mtu aite "Wangu!" mapema, aliyeita aachiwe, hata akikosea. Mpira mmoja ukipotea, upotee. Halafu mpeni mtu mmoja karatasi na kalamu apige mistari: miguso ya wanawake huku, ya wanaume kule. Wasomeeni hesabu kila seti inapoisha. Hakuna hotuba itakayofanya kazi kama karatasi hiyo.

Msije na ile kanuni ya pointi ya mwanamke kuhesabiwa mbili. Inaonekana kama heshima, kumbe inatangaza kwamba hakutegemewa kufunga. Waliobuni mchezo kwa ajili ya mchanganyiko hawakuhitaji huruma hiyo. Tazameni kofboli, mchezo wa kutupia mpira kikapuni, iliyoanzishwa Amsterdam mwaka 1902 na mwalimu Nico Broekhuysen: wanawake wanne, wanaume wanne, kikapu kimo cha mita 3.5, na mwanaume hakabi mwanamke wala mwanamke hakabi mwanaume. Bao ni bao.

Usajili: andikeni wanawake watano, si watatu. Siku ya mechi mmoja ana mtoto mgonjwa, mwingine yuko zamu, na hapo ndipo kamati husema "wanawake hawajitokezi". Wengi wangejitokeza kama mazoezi yasingewekwa saa kumi na mbili jioni, wakati anayekaa Chanika anawaza daladala. Wekeni Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Suruali ndefu na hijabu ziruhusiwe kwa maandishi, ili refa asianze kubuni sheria uwanjani. Na kabla ya kulipia uwanja, nendeni mkaangalie chumba cha kubadilishia nguo: mlango unafungika kwa ndani, maji yanatoka, na ufunguo anao nani.