Barua kwa mwanangu anayekwenda Grenada

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, baba yako anakusalimu na anamuulizia mjukuu wake kila siku. Ujumbe wako nimeupata. Kwa kuwa niliwahi kukaa Grenada, nchi ya visiwa huko Karibi, kwa kazi ya viungo, umeniuliza mambo mawili: mna siku tisa, wewe, mkwe wangu na mtoto, je mchukue hoteli moja ufukweni Grand Anse na kuzunguka nchi kwa gari, au mhamehame? Na Carriacou, kisiwa kidogo cha nchi hiyo, kiendewe, au kiachwe kwa sababu ya kimbunga?

Msilale Grand Anse siku zote tisa. Kusini laleni siku mbili, magharibi na kaskazini nne, Carriacou tatu. Ufukwe wa Grand Anse ni mzuri kweli, mchanga mweupe na maji matulivu, mtoto ataupenda. Lakini ufukwe mzuri umezaliwa nao wewe, huna haja ya kupanda ndege kutoka Toronto kwenda kuukalia siku tisa.

Nchi yote, pamoja na visiwa vyake, ina kilomita za mraba 344, haifikii hata robo ya Unguja. Ndiyo maana wageni wengi huagiza gari la siku moja wakidhani wataimaliza. Katikati ni milima ya volkano, Mount St. Catherine inafika mita 840, na barabara inapinda kwenye kila korongo. Mtakwenda saa nyingi, mtarudi saa nyingi, mtoto atakuwa anatapika kiti cha nyuma, na hamtakuwa mmezungumza na mtu hata mmoja. Udogo wa nchi ile unakutaka ulale palepale unapopatembelea.

St. George's, mji mkuu, itembeeni kwa miguu siku ya kwanza. Anzeni Carenage, bandari ya ndani, mpite Sendall Tunnel iliyochimbwa tangu karne ya 19, mtokee upande wa soko. Jumamosi soko linajaa. Kisha pandeni Fort George. Katika ngome ile ndiko Maurice Bishop, waziri mkuu wa serikali ya mapinduzi ya 1979, alikopigwa risasi pamoja na wenzake tarehe 19 Oktoba 1983. Siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakaingia. Mwili wake haujapatikana hadi leo. Watu wazima wa pale wengi wanayo habari ya siku zile vifuani mwao, na hawakubaliani. Msiwachokoze kwa maswali. Mzee akianza mwenyewe, nyamazeni mumsikilize.

Sasa Gouyave. Huu ndio mji ninaoutaka muujue. Uko pwani ya magharibi, mji wa wavuvi, na nyuma yake mashamba ya kungumanga yanapanda mlimani. Pangeni Ijumaa iwakute huko, kwa sababu Ijumaa jioni wanafunga vichochoro na kukaanga na kuchoma samaki barabarani, na wenyeji wenyewe wanakuja kula, si wageni peke yao. Kirani James, aliyeshinda mbio za mita 400 London mwaka 2012 na kuipa nchi yake medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki, ni mtoto wa mji huu. Mtaje tu jina lake, mtapata marafiki.

Asubuhi yake nendeni kwenye kituo cha kungumanga. Mama zako wa kule ndio wanaochambua. Kungumanga hukaushwa kwenye trei za mbao wiki kadhaa, huvunjwa ganda, kisha hutiwa majini: iliyozama ni nzuri, iliyoelea ni hafifu. Basbasi, ule utando mwekundu, hutengwa na kukaushwa mbali. Mwombeni mtu wa shamba akuonyesheni mti ulio hai, akuelezeni kwa nini mkulima wa kungumanga anahitaji subira: kuna miti dume na miti jike, na ukipanda mbegu hujui umepata upi mpaka utoe maua, baada ya miaka.

Ukishalijua hilo ndipo utaelewa kilichowapata. Kabla ya 2004 Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia. Tarehe 7 Septemba mwaka huo kimbunga Ivan kikaangusha sehemu kubwa ya miti ile, na nyumba nyingi zikaezuliwa. Mtu wa miaka sitini aliyepoteza shamba lake alijua kwamba akipanda upya, wanawe ndio watakaovuna vizuri. Wengine walipanda hivyo hivyo. Wengine walihamia kakao, inayozaa mapema zaidi. Mimi niliyekulia kwenye karafuu nilipoyaona mashamba yale sikuweza kusema kitu. Nawapenda watu wale mpaka leo.

Kutoka Gouyave pandeni basi dogo kwenda kaskazini, Victoria hadi Sauteurs. Mabasi yao ni sawa na daladala, muziki juu, na ukitaka kushuka unagonga bodi kwa mkono. Sauteurs kuna jabali juu ya bahari ambapo mwaka 1651 Wakaribi, wenyeji wa asili, walijirusha ili wasitekwe na Wafaransa. Simameni hapo kidogo. Karibu yake kuna Belmont Estate, mtaona kakao inavyochachushwa na kugeuzwa kwa miguu juani, na River Antoine, kiwanda cha ramu, ambako gurudumu la maji bado linakamua miwa kama lilivyofanya tangu 1785. Wanachotengeneza si cha kunywa sisi, lakini mkwe wangu fundi wa mitambo asikose kuliona gurudumu lile. Ikiwa safari itaangukia kati ya Aprili na Julai, ulizieni kwenda ufukwe wa Levera usiku na kiongozi wa huko, mwone kasa wakubwa wa gamba la ngozi wakitaga. Grenville, upande wa mashariki, pitieni tu, mnunue matunda.

Chakula chao kikuu, oil down, kitakukumbusha nyumbani: shelisheli lililopikwa kwa tui la nazi mpaka likauke, pamoja na majani ya majimbi na manjano. Lakini ulizeni kwanza, kwa sababu mara nyingi wanatia mkia wa nguruwe wa chumvi. Ukiagiza mapema watakupikia cha samaki au kuku bila kinyongo.

Kuhusu Carriacou, nendeni. Kimbunga Beryl kilitua pale tarehe 1 Julai 2024, na karibu kila nyumba iliharibika. Hiyo ndiyo sababu ya kwenda, ilimradi mpige simu kwa mwenye nyumba ya wageni, mzungumze naye kwa sauti, mjue maji na umeme vikoje, kabla ya kulipa. Fedha mtakayoacha Hillsborough, mji wa kisiwa hicho, itaezeka paa la mtu. Nendeni kijiji cha Windward, kwa mafundi wa majahazi ya mbao wanaounda ufukweni kwa jicho na mkono, kama mafundi wetu wa Nungwi; mwaka 2023 UNESCO iliutambua ufundi wao. Na mkisikia kuna ngoma ya Big Drum, acheni kila kitu. Nyimbo zake zinataja mataifa ya Afrika walikotoka mababu: Cromanti, Igbo, Manding, Kongo. Watu walioporwa kila kitu wakashika hilo. Nataka mjukuu wangu aisikie akiwa mdogo.

Boti inaondokea Carenage. Kabla ya kufika mtapita karibu na Kick 'em Jenny, volkano iliyo chini ya bahari, na maji ya hapo huchafuka. Mpe mtoto dawa ya kichefuchefu mapema na mkae nyuma, chini.

Nyumba za kulala Gouyave ni chache, kwa hiyo usichelewe. Nitumie tarehe zenu wiki hii, nimwandikie mwenzangu niliyefanya naye kazi kule awatafutie vyumba viwili karibu na bahari.

Mama yako