Maswali na majibu: magurudumu, maji yasiyo na wimbi, na mlango usiofunguka

*Mwalimu, ndege ya majini ninayojifunzia ina vielea, yaani maboya ya kuelea, vyenye magurudumu ya kutulia nchi kavu. Nikisahau kuyakunja nikatua ziwani, si yatapunguza mwendo tu?*

Swali hili halichoki kuja. Hayatapunguza mwendo, yataipindua ndege. Yanakamata maji, pua inazama, na kufumba na kufumbua unaning'inia kwenye mkanda kichwa chini, maji yakiingia. Ukikosea kinyume chake, ukatua kwenye lami magurudumu yakiwa juu, mara nyingi utakwangua vielea na kuchekwa.

Wanaokosea hivi si wazembe peke yao. Mnaruka kutoka uwanjani, ziwa liko dakika chache mbele, mkufunzi anaeleza upepo, mwanafunzi anaitikia "ndiyo, ndiyo", na magurudumu hayajakunjwa tangu mlipoondoka. Orodha ya ukaguzi imesomwa kama dua ya mazoea. Sema kwa sauti, kila mara: "Natua majini, magurudumu yako juu." Kisha hakikisha kwa macho, na mkufunzi naye ahakikishe kwa macho yake. Akikuambia unamchosha, tafuta mkufunzi mwingine.

*Ndege hizi zina breki?*

Majini hazina. Injini ikiwaka, unatembea. Na wewe uliyesimama gatini ukisubiri kuidaka, kaa mbali na pangaboi.

*Niko Florida. Mkufunzi wangu alikataa kuniachia nitue peke yangu siku ambayo ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Hakuniamini?*

Alifanya vema. Maji yasiyo na kiwimbi hayakuonyeshi uko juu kiasi gani. Utadhani bado mbali ukayagonga, au utadhani umefika ukainua pua mapema, ndege ikaishiwa mwendo hewani. Macho ya rubani mzoefu hudanganyika vilevile. Ndiyo maana hatukisii: unaweka pua katika mkao wa kutua mapema, unaacha nguvu kidogo ya injini, unashuka taratibu, kama futi 150 kwa dakika, unashikilia hivyo hivyo mpaka vielea viguse. Tua sambamba na ufuko ili miti ikupe kipimo. Njia hii inakula nafasi kubwa, kwa hiyo kiziwa kidogo kilichotulia kiache.

*Ndege ikianza kunesa juu ya maji, pua juu pua chini, nisukume usukani mbele?*

Usithubutu. Ukifukuzana nayo utachelewa kila mara, na kila mneso utazidi uliopita. Vuta usukani kwa wakati wake. Isipotulia upesi, ondoa nguvu yote ya injini, shikilia usukani nyuma kabisa, iache ikae majini.

*Je, nijaze upepo jaketi la kuokolea kabla ya kugonga maji, niwe tayari?*

Hapana! Ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa Novemba 1996 iliangukia baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175 walikufa 125, na miongoni mwao wamo waliojaza majaketi wakiwa bado ndani. Maji yalipopanda yaliwabana darini. Jaketi unalivaa kabla ya safari, unalijaza ukishatoka.

Hapa ndipo ninapogombana na shule nyingi. Novemba 2009, ndege ya majini aina ya Beaver ilianguka Lyall Harbour, Kanada, mara baada ya kuruka. Haikuwa safari ya mafunzo, lakini kila mwanafunzi aijue. Kati ya watu 8 walitoka 2. Sita walizama ndani. Wachunguzi walitaka milango inayofunguka haraka na majaketi yanayovaliwa, si yanayohifadhiwa. Mwaka 2019 Kanada ikatoa kanuni za kuwataka marubani wa ndege za majini za biashara wafunzwe kutoka kwenye ndege iliyozama. Kwa nini mwanafunzi asifunzwe hayo kwanza? Marekani, mwenye leseni ya ndege za nchi kavu anaongeza kibali cha majini bila idadi ya chini ya saa, na wengi humaliza kwa siku chache. Siku hizo zinaishia kwenye kutua na kuruka.

*Nimepata kibali. Naweza kuwapakia mke wangu na watoto?*

Kabla ya kuwasha injini, kila mmoja afumbe macho, ashike kitu kisichosogea kwa mkono mmoja, afungue mlango kwa mwingine, ndipo afungue mkanda. Mtoto asiyeweza kuufungua asikae peke yake nyuma.