Usukani unatikisika baada ya kubadili ekseli ya mbele? Shokapu isubiri kwanza

Gari langu ni Land Cruiser pikapu, HZJ75. Ekseli ya mbele ilipinda korongoni, njia ya Engaruka, nikanunua nyingine ya mtumba, nzima na difu yake. Fundi akaifunga. Mjini lilikwenda vizuri tu. Balaa likanikuta kwenye lami ya kutoka Makuyuni: nipo 70, tairi likagonga kiraka, usukani ukaanza kunipiga mikono kama unataka kung'oka. Haukutulia mpaka niliposhuka chini ya 40. Ikikutokea, usishindane nao wala usikanyage breki kwa hofu. Ushike, achia mafuta, gari lipunguze mwendo lenyewe.

Kila niliyemuuliza aliniambia niweke shokapu mpya ya stelingi. Nikaweka. Wiki mbili raha, halafu ugonjwa ukarudi vilevile. Ile shokapu inameza mtikisiko tu, chanzo kinabaki pale pale. Balansi ya matairi pia nilifanya, mara mbili. Hela zangu hizo.

Mwishowe fundi mwingine, mzee mmoja asiye na maneno mengi, aliniambia niwashe gari, matairi yakiwa chini, nichezeshe usukani kidogo kushoto na kulia. Yeye akalala uvunguni, kashika tairodi (fito zinazounganisha usukani na matairi) moja baada ya nyingine. Zilikuwa nzima. Boshi za springi nzima, yubolti (bolti za U zinazobana ekseli kwenye springi) zimekaza. Akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa: likacheza. Akaniambia nikanyage breki, akatikisa tena. Bado linacheza. Kama uchezaji ungeisha kwa breki, tungelaumu beringi za tairi. Haukuisha, kwa hiyo ni beringi za kingpini, zile pini za juu na chini ambazo nakoli (kichwa cha ekseli kinachobeba tairi) hugeukia.

Tulipotoa tairodi nikazungusha nakoli kwa mkono. Ilikwenda laini, ikafika katikati, pale tairi linapoangalia mbele, ikajikwaa, tk. Kikombe cha beringi kilikuwa na vijistari vimechimbika, roli kwa roli. Na shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi kwenye kingpini, zilikuwa zimechanganywa. Bila shaka aliyeifungua kabla yetu aliokota zilizokuwa karibu.

Beringi mpya na vikombe vyake, pande zote mbili, usifanye upande mmoja. Shimu za juu na za chini kila moja irudi mahali pake, maana ndizo zinazoweka nakoli katikati ya ekseli. Ukipunguza shimu, beringi inakaza. Kabla ya kurudisha sili, tulifunga mizani ya ndoano kwenye tundu la tairodi, tukavuta kwa pembe mraba na mkono wa nakoli. Mwanzoni ilisoma kilo 1, tena kwa shida. Tukapunguza shimu mpaka ikafika 4 na kitu. Kilo sahihi za kuvuta ziangalie kwenye kitabu cha modeli yako.

Alaimenti tukaiweka kwa futi ya kupimia, nafasi kati ya matairi mawili ya mbele iwe finyu milimita 2 upande wa mbele kuliko upande wa nyuma. Baada ya kilomita 500 nikakaza yubolti tena, na kweli mbili zilikuwa zimelegea. Kiraka cha Makuyuni bado kipo, nakipita na 80.