Mshale wa Spidi Ukicheza, Anzia Chini ya Gari

Mwenye gari la zamani akija kulalamika kwamba mshale wa spidi unacheza, mara nyingi anakuwa ameshaamua mwenyewe kuwa mita imekufa. Wengine huja na mita mkononi, imeshachomolewa kwenye dashibodi na kuviringishwa kwenye gazeti. Wewe unayeanza kazi hii, usiipokee haraka. Kwenye Land Rover Series, Peugeot 404 na 504, Datsun za miaka ya 70 na Volkswagen za injini nyuma, mshale unaorukaruka aghalabu ni ugonjwa wa kebo, yaani ule waya unaozunguka ndani ya ganda lake mpaka kwenye mita. Fundi anayekimbilia kufungua mita huongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Elewa kwanza kilichomo humo ndani. Spidomita ya aina hii haitumii umeme wa betri kupima mwendo. Otto Schulze wa Strasbourg aliisajilia hataza mwaka 1902, na msingi wake ukabaki uleule mpaka mita za kielektroniki zilipoingia. Giaboksi inazungusha waya, waya unazungusha sumaku ndogo, na sumaku inazunguka jirani kabisa na kikombe chepesi cha aluminiamu bila kukigusa. Mzunguko huo unazalisha mikondo ya umeme ndani ya aluminiamu, na mikondo hiyo inakivuta kikombe kifuate sumaku. Springi nyembamba sana inakizuia, kwa hiyo kinageuka kiasi tu, pamoja na mshale uliopachikwa kwenye mhimili wake. Sumaku ikienda mbio, mshale unapanda. Sumaku ikienda kwa kushtuka, mshale nao unashtuka. Maana yake ni kwamba mita inayocheza mara nyingi ni nzima, na inakuonyesha sawasawa jinsi waya unavyozunguka.

Sasa kwa nini waya uzunguke kwa kushtuka? Ni mrefu, na umesukwa kwa nyuzi nyingi za chuma. Ukikwama mahali ndani ya ganda lake, kwa sababu ya ukavu au kona kali, upande wa giaboksi unaendelea kuzunguka huku upande wa mita umesimama. Waya unajisokota kama nguo inayokamuliwa, nguvu ikizidi ule msuguano unafyatuka, mshale unaruka juu, kisha unaanguka na mchezo unaanza upya. Ndiyo maana ugonjwa huu unaonekana zaidi gari likienda polepole na unapungua mwendo ukipanda. Asubuhi ya baridi unazidi, hasa kama ndani kuna grisi ya zamani iliyoganda.

Kabla ya kushika spana, panda gari uendeshe, uangalie na usikilize. Mshale ukicheza huku namba za kilomita zinatembea na kuna mlio wa tiki-tiki nyuma ya dashibodi, ni kebo. Mshale na namba vyote vikiwa vimekufa, waya umekatika au haukuingia vizuri kwenye pinioni, ile gia ndogo ya kule chini inayouzungusha. Namba zikitembea lakini mshale haunyanyuki kabisa, hapo ndipo mita yenyewe inapoingia kwenye orodha ya washukiwa. Na mshale ukipanda mpaka mwisho ukabaki huko, fikiria grisi au oili iliyopanda ndani ya mita, au sumaku inayogusa kikombe.

Haya, tuingie kazini. Nati ya kebo nyuma ya mita hufunguliwa kwa vidole. Ukikuta imekazwa kwa plaizi, jua kuna mtu alipita kabla yako. Magari mengi yanakuruhusu kuvuta waya wa ndani kutokea juu bila kutoa ganda. Kwa yale yasiyoruhusu, fungua upande wa chini pia. Kwenye Land Rover ni nyuma ya transfa, yaani giaboksi ya pili inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, karibu na dramu ya breki ya mkono, mahali ambapo utakuta tope na oili vimeshikana, kwa hiyo safisha kabla ya kufungua ili mchanga usiingie ndani.

Waya ukishatoka, uoshe kwa mafuta ya taa, uufute kwa kitambaa, halafu fanya jambo hili ambalo wengi hulipuuza. Shika ncha zote mbili, moja kila mkono, uache waya uning'inie katikati kwa umbo la herufi U. Zungusha ncha moja taratibu kwa vidole. Waya usio na kasoro unazunguka palepale na ile U inatulia. Waya uliopinda, hata kama jicho halioni, utafika mahali ukatae, kisha U nzima itajirusha upande mmoja. Kule kujirusha ndiko mshale unakokuonyesha barabarani. Waya wa namna hiyo haunyooshwi kwa koleo wala kwa nyundo, unatupwa. Angalia pia ncha za pembe nne. Pembe zikiwa zimelika na kuwa mviringo, zitateleza ndani ya tundu la mita.

Ganda nalo lina maneno yake. Mwongozo wa zamani wa mita za Smiths, zilizofungwa kwenye magari mengi ya Uingereza, ulitaka kona ya kebo isiwe na nusu kipenyo kilicho chini ya inchi 6, yaani kama sentimita 15, na kebo iende moja kwa moja kwa inchi 2 za mwisho kabla ya kuingia kwenye mita. Mimi hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwenye grisi. Gari la miaka 50 limeshafungwa redio, limeshapitishwa nyaya za taa za ziada, limeshabadilishwa bomba la moshi, na kila aliyepita amesukuma kebo ya spidi pembeni ili apate nafasi yake. Utaikuta imebanwa kwa klipu mpaka ganda limebonyea, au imelalia ekzosi na ngozi ya nje imeyeyuka. Unaweza kufunga waya mpya wa bei yoyote ndani ya ganda lililobonyea, mshale utacheza vilevile.

Grisi: kidogo. Tumia grisi laini, na ile ya grafaiti ni nzuri kwa kazi hii. Ipake kwa vidole ibaki utando mwembamba, ukianzia chini, na uache sentimita 20 za juu bila kupaka. Waya wenyewe, kwa jinsi ulivyosukwa, unazunguka na kupandisha grisi kuelekea kwenye mita, na ikishafika kwenye sumaku na kikombe huna tena mita, una kazi ya kusafisha vitu ambavyo havipendi kuguswa. Grisi nzito ya beringi za magurudumu usiiguse kabisa. Nimeona pia watu wakimimina oili ya injini kwenye ganda. Mshale hutulia siku chache, na kinachofuata ni madoa kwenye uso wa mita.

Wakati mwingine oili inapanda bila wewe kuiweka. Ukivuta waya ukaukuta umelowa oili ya gia, sili ya pinioni kule chini, ile inayozuia oili isitoke, imekwisha. Badilisha sili kwanza, la sivyo utakuwa unaosha waya kila mara.

Volkswagen Beetle ina njia yake. Kebo yake haitoki kwenye giaboksi. Inapita ndani ya mhimili wa gurudumu la mbele la kushoto, na ncha ya pembe nne inatokeza kwenye kifuniko cha vumbi, ambapo inazuiwa na kipini kidogo. Gurudumu likizunguka, kifuniko kinazunguka na kebo. Mafundi wa matairi hukipoteza hicho kipini bila kusema, au tundu la kifuniko linalika mpaka ncha inacheza ndani yake. Kabla ya kuhangaika na dashibodi ya Beetle, piga magoti uangalie hapo.

Kebo ikiwa safi na njia yake nzuri, rudishia ukihakikisha ncha ya waya inatokeza kama milimita 10 nje ya ganda upande wa mita. Ikiwa fupi zaidi haishiki vizuri. Ikizidi sana, inasukuma mhimili wa sumaku kila unapokaza nati.

Mshale ukiendelea kucheza baada ya hayo yote, sasa mlaumu mtuhumiwa wa mwisho, mita yenyewe. Bushi ya mhimili wa sumaku, ile kola mhimili unamozunguka, inakauka, na tone moja la mafuta ya cherehani pale mhimili unapoingilia mara nyingi linatosha. Tone moja tu. Springi ile nyembamba usiisogeze, usiinyooshe, na usipulizie mita hewa ya kompresa. Ikihitaji zaidi ya hapo, mpelekee fundi wa mita.

Unaweza kuijaribu mezani kwa drili ya taratibu, baada ya kuhakikisha upande inakozunguka. Kwenye uso wa mita nyingi za Smiths kuna namba ndogo, mfano 1000: ni mizunguko ya kebo kwa maili moja. Mita hiyo ikizungushwa mara 1000 kwa dakika inatakiwa ionyeshe maili 60. Mita nyingi za Kijapani huonyesha kilomita 60 kwa mizunguko 637 kwa dakika. Namba hizo uziangalie hasa unaponunua mita ya mtumba. Ukifunga mita ya 1000 kwenye gari linalozungusha kebo mara 1250 kwa maili, mshale utatulia vizuri sana na utasoma 75 wakati gari linakwenda 60. Ukikosea kwa upande wa pili, mita ya 1250 kwenye gari la 1000, utasoma 48, na hilo mteja atajulishwa na askari wa tochi. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi ufunguo, zunguka naye barabarani huku simu ikisoma mwendo kwa GPS.